Namba za Blogu: Ipi Uifuate, Ipi Uiache, na Namna ya Kupanda Kwenye Google

Ukikaa kwenye magrupu ya WhatsApp ya mabloga, haipiti wiki bila mtu kubandika skrini shoti na kuuliza: "Wakuu, DA yangu imefika 14, niko vizuri?" DA ni alama ya nguvu ya tovuti inayotolewa na kampuni ya Moz. Majibu yanamiminika. Mmoja anampongeza, mwingine anamwambia bado sana, wa tatu anamfuata inbox kumuuzia viungo, yaani linki kutoka tovuti nyingine. Swali ambalo lingemsaidia halimfikii: wanaoingia kwenye blogu yako, walikuwa wanatafuta nini?

Bloga mpya anapewa namba nyingi kuliko anazohitaji, na zinazong'aa zaidi ndizo zenye faida ndogo. Hapa tutaanza na zile za kujitambia ili tuzimalize, kisha tukae muda mrefu kwenye zile unazoweza kuzifanyia kazi.

Kwanza, ujue namba ni ya nani

Waliotangulia kwenye kublogu wanaikumbuka Alexa, iliyokuwa ikizipanga tovuti kwa wingi wa wageni, namba 1 ikiwa ya juu kabisa. Kampuni hiyo ilianzishwa 1996, Amazon ikainunua 1999, na kwa miaka mingi kibandiko chake kilikaa pembeni ya blogu kama cheti ukutani. Namba ilivyokuwa ndogo ndivyo ulivyohesabika mkubwa. Lakini Alexa haikuwa inaona wageni wako wote. Ilikadiria, na kwa sehemu kubwa ilitegemea watu waliokuwa wameweka kifaa chake kwenye vivinjari vyao, kwa hiyo blogu ndogo ingeweza kupanda kwa sababu tu mwenyewe na rafiki zake wamekiweka. Huduma hiyo ilifungwa tarehe 1 Mei 2022. Mtu akikuambia leo atakupandishia Alexa, muulize anaipandisha wapi.

Google nao walikuwa na namba ya hadharani, PageRank, iliyotokana na kazi ya Larry Page na Sergey Brin walipokuwa Chuo Kikuu cha Stanford. Kiungo kutoka ukurasa mmoja kwenda mwingine kilihesabiwa kama kura, na kura ya ukurasa wenye kura nyingi ikawa na uzito zaidi. Mtu wa kawaida aliona alama ya 0 hadi 10. Biashara ya kuuziana viungo kwa kufuata alama hiyo ikachanua. Google wakaacha kuihuisha baada ya Desemba 2013, na 2016 wakaiondoa kabisa machoni pa watu. Viungo bado vinahesabiwa huko ndani, ila alama ya kuringia haipo.

Pengo hilo likajazwa na kampuni zinazouza zana. Moz wana Domain Authority, ndiyo DA. Ahrefs wana Domain Rating. Semrush wana Authority Score. Zote zinakwenda hadi 100, na zote zinategemea sana viungo ambavyo roboti za kampuni husika zimevikuta mtandaoni. Google haitumii hata moja kati ya hizo kupanga matokeo yake. Pia ngazi zake hazilingani: kutoka 10 kwenda 20 ni kazi ndogo kuliko kutoka 70 kwenda 80. Na DA inaweza kushuka wewe ukiwa hujagusa kitu, kwa sababu mtengenezaji amebadilisha hesabu, kama Moz walivyofanya 2019, au kwa sababu tovuti kubwa zimeongeza viungo na ngazi nzima ikasogea.

Matumizi yake ya halali ni madogo: kujipima na blogu nyingine mbili tatu zinazoandika mambo yako yale yale. Angalia mara moja kwa miezi kadhaa, kisha funga ukurasa urudi kazini.

Hatua ya 1: Hakikisha Google inakuona

Fungua Google uandike site: ikifuatiwa na anwani ya blogu yako bila kuacha nafasi, mfano site:blogyako.co.tz. Zikitokea kurasa zako, umeshaorodheshwa. Kusipotokea kitu, kabla hujalaumu ushindani, kagua mipangilio. Kwenye WordPress nenda Settings, kisha Reading. Kuna kisanduku kinachoziomba injini za utafutaji zisiorodheshe tovuti. Wengi hukitia alama wakati wa kutengeneza blogu halafu wakasahau. Blogger nayo ina swichi yake ya kuonekana au kutoonekana kwenye injini za utafutaji.

Kisha fungua akaunti ya Google Search Console. Inakuonyesha blogu yako inavyoonekana kwenye utafutaji wa Google. Ni bure, na ndiyo zana ambayo nisingemruhusu bloga yeyote aishi bila kuwa nayo. Kuthibitisha kuwa blogu ni yako kuna njia mbili kuu: kuweka rekodi ya TXT (mstari mfupi wa maandishi) kwenye DNS, yaani mipangilio ya domeni, pale ulipoinunulia, au kubandika mstari mmoja wa msimbo kwenye themu. Ukiweza, chukua ya DNS, kwa sababu inakusanya kila kitu pamoja, yenye www na isiyo nayo, ya http na ya https. Fanya hivyo hata kama una makala tatu tu, maana takwimu hukusanywa kuanzia hapo na huwekwa kwa miezi 16.

Humo humo, wasilisha ramani ya tovuti (sitemap), yaani orodha ya kurasa zako. Kwa Blogger ni sitemap.xml mwishoni mwa anwani yako. WordPress kuanzia toleo la 5.5 la mwaka 2020 inajitengenezea yenyewe, wp-sitemap.xml, ila ukitumia plagini ya SEO (ya kusaidia blogu ionekane kwenye Google) itakupa anwani yake nyingine.

Baada ya siku kadhaa utaona ripoti ya kurasa. Zile ambazo Google "imezigundua" bila kuziorodhesha bado ziko kwenye foleni: inajua zipo, haijazitembelea. Zile ambazo "imezipitia" lakini haijaziorodhesha ni habari nzito zaidi, kwa sababu imezisoma na ikaona haina haja nazo kwa sasa. Mara nyingi ni makala fupi mno, au habari iliyonakiliwa kutoka blogu nyingine kumi. Unaweza kubofya kitufe cha kuomba ukurasa uorodheshwe, lakini kukibofya kila siku kwa makala ile ile hakuongezi kitu. Boresha makala.

Hatua ya 2: Jifunze kusoma ripoti ya Performance

Ripoti hii iko Search Console, na ina namba nne. Maonyesho ni mara ngapi kiungo chako kimetokea kwenye matokeo ya mtu. Mibofyo ni mara ngapi kimebofywa. CTR ni mibofyo gawa kwa maonyesho. Ya nne ni wastani wa nafasi, na hii ndiyo inayowaumiza watu kichwa bure.

Tuseme makala yako ilikuwa inaonekana kwa neno moja tu, nafasi ya 3, maonyesho 100 kwa mwezi. Wastani wako ni 3. Mwezi unaofuata Google inaanza kuionyesha kwa neno jingine jipya, nafasi ya 18, maonyesho 300. Neno la kwanza halijatikisika. Piga hesabu: 100 mara 3, jumlisha 300 mara 18, gawa kwa 400. Wastani mpya ni 14.25. Kwenye grafu utaona mstari umeporomoka kutoka 3 hadi 14, na hapo ndipo mtu anaanza kubadilisha themu usiku. Kilichotokea ni kwamba umepata mlango mpya. Kwa hiyo wastani wa blogu nzima usiutazame kabisa. Chagua ukurasa mmoja, kisha neno moja, ndipo nafasi inakuwa na maana.

Jambo jingine: ukijumlisha mibofyo ya maneno yote yaliyoorodheshwa, haitafika ile jumla iliyoandikwa juu. Google huficha maneno yaliyotafutwa na watu wachache mno, kwa ajili ya faragha. Hujaibiwa.

Linganisha siku 28 na siku 28 zilizotangulia, usilinganishe jana na juzi. Siku 28 zina Jumatatu nne na Jumapili nne kila upande. Na kumbuka majira. Blogu iliyotegemea matokeo ya kidato cha nne itapaa Januari na kunyamaza Machi. Hiyo ni kalenda ya NECTA, wala hakuna adhabu yoyote hapo.

Hatua ya 3: Chagua makala zilizo karibu na mlango

Hapa ndipo muda wako mwingi uende. Makala iliyo nafasi ya 60 ina safari ndefu. Iliyo nafasi ya 2 imeshafika. Tafuta zilizo kati ya 6 na 20 na zina maonyesho ya kutosha: Google imeshakubali kwamba zinahusika, inasubiri sababu ya kuzisogeza juu.

Chukua mfano wa blogu ya ufugaji wa kuku wa kienyeji. Kuna makala imepewa kichwa "Yafahamu Magonjwa ya Kuku na Tiba Zake, Sehemu ya Pili". Ndani mwandishi ameuita ugonjwa Newcastle kutoka mwanzo hadi mwisho, kama alivyousoma kwenye kitini. Search Console inaonyesha maonyesho 1,000, nafasi ya 9, mibofyo 12. Unashuka kwenye orodha ya maneno, unakuta: dawa ya kideri, mdondo kwa vifaranga, chanjo ya kideri siku ya ngapi, kuku wanapinda shingo.

Wafugaji wenyewe wamekuandikia makala. Wanauita kideri, wengine mdondo. Hawasemi Newcastle isipokuwa wameshafika duka la pembejeo. Na huyu anayeuliza kuku kupinda shingo hajui hata jina la ugonjwa. Anaona tu anachokiona bandani. Makala inayoanza na ufafanuzi wa virusi haimhusu mpaka aya ya tano, na hatafika aya ya tano.

Sasa fanya hivi. Ugonjwa huu ukatie makala yake peke yake. Kichwa kiwe kitu kama "Kideri (mdondo) kwa kuku: dalili, chanjo na siku ya kurudia". Aya ya kwanza ijibu swali papo hapo, hata kama jibu si lile msomaji analotamani: dawa ya kutibu kideri haipo, kinga ni chanjo, na ile ya I-2 inayowekwa tone moja jichoni hurudiwa kila baada ya miezi 3 hivi. Blogu nyingi zinaogopa kusema hakuna dawa kwa sababu watu wametafuta dawa. Zinazunguka na majani ya mwarobaini na pilipili. Msomaji anahisi anazungushwa, anarudi Google, anabofya wa chini yako.

Kisha weka dalili kwa maneno ya bandani: kuharisha kijani, kupinda shingo, kupooza mbawa na miguu, kufa wengi kwa siku chache. Weka picha yako mwenyewe ya kichupa cha chanjo na namna ya kumshika kuku. Ile ya "Sehemu ya Pili" iache ukurasa wake, ila toa humo maelezo marefu ya kideri uweke kiungo kwenda makala mpya, ili kurasa zako mbili zisigombanie neno moja.

Anwani ya ukurasa ulioshapata nafasi usiibadilishe ovyo. Ukilazimika, weka uelekezaji wa kudumu, ule wa 301, kutoka anwani ya zamani kwenda mpya.

Baada ya hapo kaa wiki nne hadi nane bila kuigusa tena. Ukibadilisha kichwa Jumatatu, aya Jumatano na picha Ijumaa, hutajua kipi kimefanya kazi.

Kuhusu CTR: makala ikiwa nafasi ya 3 au 4 na hakuna anayebofya, tatizo lako ni kichwa, au Google imejibu swali hapo hapo juu ya matokeo. Kwa swali la neno moja, kama tarehe ya Idi au ubadilishaji wa fedha, usishindane. Andika kile ambacho hakijibiki kwa mstari mmoja.

Na lile sanduku la "keywords" kwenye plagini za zamani, ambamo watu hujaza maneno hamsini, Google walitangaza tangu 2009 kwamba hawalitumii kupanga matokeo.

Hatua ya 4: Punguza uzito

Wasomaji wako wengi wako kwenye simu, kwa bando la kupima. Google yenyewe husoma toleo la simu la tovuti yako ndilo iliorodheshe, kwa hiyo blogu inayopendeza kwenye laptopu tu haijapendeza.

Vipimo rasmi vya Google vya kasi na utulivu wa ukurasa viko vitatu. LCP hupima muda hadi kitu kikubwa zaidi kwenye skrini kionekane, na kizuri ni sekunde 2.5 au chini. INP, iliyochukua nafasi ya kipimo cha zamani cha FID Machi 2024, hupima ukurasa unavyoitikia unapougusa: milisekunde 200 au chini. CLS hupima vitu kurukaruka wakati ukurasa unafunguka, ile hali ya kutaka kubofya kiungo halafu tangazo linaingia chini ya kidole, isizidi 0.1.

Ripoti ya vipimo hivi kwenye Search Console huenda ikawa tupu kwako. Hutokana na watumiaji halisi wa Chrome, na blogu changa haina wa kutosha. Tumia PageSpeed Insights, zana ya bure ya Google, na soma orodha ya matatizo. Ile alama ya duara ya 0 hadi 100 ni ya maabara, usikeshe ukiitafuta 100.

Kwa blogu zetu mhalifu mkuu ni picha. Picha ya simu inaweza kuwa na MB 4. Ipunguze upana hadi pikseli 1,200, ihifadhi kwa WebP, na mara nyingi itashuka chini ya KB 150 bila macho kuona tofauti. Taja upana na urefu wake kwenye msimbo ili nafasi yake itengwe mapema. Hilo peke yake huponya CLS nyingi. Picha ya juu kabisa usiiwekee ucheleweshaji wa kupakia. Kisha ondoa vikorokoro: saa, kalenda, theluji inayodondoka, redio inayojiwasha yenyewe. Redio hasa.

Hatua ya 5: Viungo, bila kununua

Kununua viungo kwa ajili ya kupanda ni kinyume cha sera za Google, na tangu sasisho la Penguin la Aprili 2012, lililolenga viungo vya hila, wengi wamelipia uroho huo. Wale wanaoahidi DA 40 kwa mwezi huweza kukupa kweli, kwa kumwaga viungo vya takataka vinavyodanganya roboti za kampuni za zana. Unabaki na DA 40 na wageni wale wale. Kununua domeni iliyokwisha muda wake ili urithi jina lake nako kuliingizwa kwenye sera za taka Machi 2024.

Kiungo cha kweli hupatikana ukiwa na kitu ambacho mwandishi mwingine akikiacha makala yake inapungua. Kwa yule bloga wa kuku, inaweza kuwa jedwali la bei ya jogoo na tetea Soko la Kisutu, linalohuishwa kila Jumamosi. Anakwenda sokoni, anauliza, anaandika. Mwanahabari akitaka bei, atamtaja. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) akiandika utafiti, atamtaja. Kazi hiyo haina mteremko, ndiyo maana wachache wanaifanya na nafasi bado iko wazi.

Viungo vya mitandao ya kijamii kwa kawaida vimewekewa alama ya nofollow, kwa hiyo kura yake ni hafifu au haipo. Weka hata hivyo, kwa ajili ya watu. Viungo vya ndani ya blogu yako mwenyewe ni bure na vinasahaulika: kila ukichapisha makala mpya, rudi kwenye tatu za zamani zinazohusiana uziunganishe nayo, kwa maneno yanayoeleza, siyo "bofya hapa".

Hatua ya 6: Wageni wa WhatsApp wasipotee kwenye hesabu

Google Analytics 4, zana ya kuhesabu wageni iliyochukua nafasi ya toleo la zamani Julai 2023, itakuambia wageni wengi ni "Direct", kana kwamba wameandika anwani yako kwa mkono. Wengi wao wametoka WhatsApp, ambayo haitoi taarifa ya mtu alikotoka. Unapotuma kiungo kwenye grupu, ongeza mwishoni ?utm_source=whatsapp&utm_medium=social&utm_campaign=kideri, nao watajitenga. Ndani ya wiki chache utajua kama unaishi kwa Google au kwa magrupu, na hizo ni blogu mbili tofauti za kuendesha.

Angalia pia ziara zenye ushiriki: mtu aliyekaa angalau sekunde 10, au aliyefungua kurasa mbili, au aliyefanya tendo uliloliweka kuwa muhimu. Ikiwa makala ya kideri inapata wageni 300 na wengi wanaondoka kabla ya sekunde 10, rudi kwenye aya ya kwanza.

Ikitokea umeporomoka

Kuporomoka kwa kweli kuna mpangilio wa kukagua. Anza na lililo rahisi: blogu inafunguka? Domeni haijaisha muda? Themu mpya haikurudisha kile kisanduku cha kuzuia kuorodheshwa? Kisha fungua Search Console sehemu ya hatua za mkono (Manual actions). Kama Google imekuadhibu kwa makusudi, imeandikwa hapo na sababu yake. Baadaye angalia dashibodi ya hali ya Google Search kama kuna sasisho kuu linaloendelea, kwa sababu masasisho hayo huchukua hadi wiki kadhaa kukamilika na nafasi huyumba katikati yake. Lisubiri liishe ndipo upime.

Mwisho, tenganisha kwa ukurasa. Ikiwa makala moja ndiyo imebeba anguko lote, andika neno lake kwenye Google, kwenye dirisha la faragha ili historia yako isikudanganye, na usome aliyekaa juu yako kutoka mwanzo hadi mwisho. Kama ana jedwali la umri wa vifaranga na wewe una aya nne za utangulizi, unajua pa kuanzia kesho asubuhi.